Vidonge vya Jumatano

Mwezi uliopita nilimdanganya muuguzi. Tena muuguzi mdogo, binti ambaye mimi mwenyewe nilimfundisha kufunga kitambaa cha kipimo kwenye mkono wa mgonjwa, enzi hizo akiwa mwanafunzi aliyeletwa kwetu kwa mafunzo ya vitendo. Nilikwenda kupima presha yangu hapa Iringa mjini, maana na mimi ninayo, mwaka wa sita sasa. Akafunga, akabonyeza, mashine ikavuma, akasoma namba. Kisha akainua macho akaniuliza, "Mama, lakini dawa unameza?"

Nikamjibu, "Nameza, mwanangu. Kila siku."

Uongo mtupu. Nilikuwa na siku nne bila kumeza. Nilikwenda msibani Mbeya, pakiti nikaisahau juu ya kabati. Ni jambo la kawaida kabisa, mtu yeyote angelieleza. Lakini ile sauti aliyoulizia ilinigeuza mwanafunzi aliyeitwa mbele ya darasa, na ulimi ukateleza wenyewe. Akaandika kwenye kadi kwamba mgonjwa anatumia dawa vizuri na presha haishuki, akanituma kwa daktari nikaongezewe. Nilikaa kwenye benchi kusubiri zamu yangu, machozi yakaanza kunitoka. Si kwa ajili ya uongo. Nilikuwa nimeitambua ile sauti. Ilikuwa yangu, niliifundisha mimi.

Kwa daktari nilisema ukweli, akacheka, akaniambia nirudi nyumbani nikaanze tena dozi yangu ileile. Nimerudi, nimekaa, nimeona niwaandikie ninyi mnaovaa sare leo. Sina hekima kubwa ya kuwapa. Nina kosa moja, na nimelibeba muda mrefu, na sitaki mtu mwingine alibebe baada yangu.

Nimefanya kazi ya uuguzi miaka thelathini na minne. Nilianzia Chimala, nikahamishiwa Mbeya mjini, nikamalizia Ilula kwenye kituo cha afya. Mimi ni Mnyakyusa, na Wanyakyusa hatujui kunong'ona. Kwetu hata habari njema inatolewa kama ugomvi. Hilo mlijue mapema, ingawa si la kujitetea.

Pale Chimala aliyenipokea aliitwa Bwana Mgaya, muuguzi mzee, Mbena, mtu wa maneno machache. Siku za presha wenzake tulimaliza foleni saa nne, yeye alikuwa bado ana watu mpaka adhuhuri. Kila mgonjwa akiingia alimwambia, "Kaa kwanza. Presha haikimbii." Halafu anachukua wembe anaanza kuchonga penseli. Polepole. Mgonjwa amekaa, mgongo umeegemea kiti, miguu yote miwili iko chini, mkono umelala juu ya meza usawa wa moyo, hakuna anayesema neno. Penseli ikishachongoka, dakika tano zimepita, ndipo anapima. Sisi vijana tulisema mzee ni mvivu. Tulimhesabia penseli alizomaliza kwa mwezi.

Siku moja akaingia kwangu baba mmoja mpakiaji, ametoka kubeba magunia ya mpunga mashineni, jasho linamtiririka. Sikumpa hata nafasi ya kuvuta pumzi. Nikafunga, nikasukuma hewa, nikasikiliza, nikaona zebaki inasimama mbali juu. Nikapiga kelele, "Baba wewe, unatembea na kifo!" Yule baba alisimama, akatoka, kitambaa kingali kinaning'inia mkononi. Bwana Mgaya alimfuata mpaka barabarani, akamrudisha kwa mkono, akamkalisha, akachonga penseli. Alipopima, presha ilikuwa juu kweli, lakini si ile niliyomtangazia. Alimpima mkono wa pili, akangoja, akapima tena. Baadaye akaniita nyuma ya stoo akaniambia, "Binti, mtu akikuogopa hakuonyeshi presha yake. Anakuonyesha ile unayoitaka wewe."

Niliondoka nikimcheka. Mtu akiogopa presha inapanda, hilo nilifundishwa darasani. Sasa nani anataka ipande? Nikaona mzee anachanganya mambo. Ilinichukua zaidi ya miaka ishirini kumwelewa, na aliyenielewesha alilipa yeye.

Mbeya nako nilikosea, ila makosa ya Mbeya yanachekesha kidogo. Mwezi wa sita mnaujua. Watu wanakuja kliniki wamevaa sweta juu ya sweta na koti juu yake. Kuwavua kunachukua muda, kwa hiyo tulifunga kitambaa juu ya nguo hivyohivyo, au tulikunja mkono wa sweta mpaka ukamkaba mtu kama kamba. Nguo nzito inadanganya, na mkono uliokabwa unadanganya. Nilipokuja kukaripiwa na mganga mfawidhi, mkuu wetu wa kazi, nikaapa kwamba kuanzia siku hiyo atakayekaa mbele yangu atavua. Wa kwanza alikuwa mzee mmoja wa Kisafwa kutoka milimani. Sweta la kwanza, la pili, la tatu. Nilimmenya kama kitunguu. Alipobaki na fulana akaniangalia akasema, "Sista, unipe na shuka basi. Baridi itaniua kabla ya hiyo presha yenu." Tulicheka wote wawili, nikampima, na ilikuwa sawa. Nilipaswa kukumbuka kwamba aliyecheka ndiye niliyempima vizuri. Sikukumbuka.

Kuna na dhambi nyingine tuliyoiita kupima kwa macho. Foleni ndefu, mtu unamjua, uso wake mzuri, unaandika 120 kwa 80 unamwita anayefuata. Nimefanya. Na wale waliokuwa wanakadiria, namba zao zote zinaishia na sifuri. Mkikuta daftari zima la sifuri, jueni mtu alikuwa anatunga. Siku hizi mna mashine za betri, zinasoma zenyewe, lakini betri ikichoka nayo inatunga vilevile. Badilisheni betri. Msikilize kwa masikio yenu wenyewe mara mojamoja yasije yakasahau kazi.

Sasa Ilula.

Ilula nilikabidhiwa kliniki ya presha, kila Jumatano. Nilikuta watu wanakuja wanapotaka, wengine wameacha dawa kwa kuwa kichwa hakiumi tena, wengine wamemeza pakiti moja wakasema dozi imeisha wamepona, maana malaria ndivyo inavyotibiwa. Kueleza kwamba hii ni dawa ya maisha kunachosha. Mimi nikachagua njia fupi, nikawa mkali. Presha ikiwa juu nilimgombeza mtu palepale, mlango wazi, benchi zima linasikia. Nilimuuliza anataka watoto wake walelewe na nani. Nilimuuliza ameshachagua sanda ya rangi gani. Watu wa sokoni wakanipa jina, Sista Pilipili. Mtu akifika getini anauliza kwanza, "Leo yupo nani?" Akiambiwa Pilipili, anatengeneza kilemba na kutembea taratibu. Nililipenda jina hilo, sitawaficha. Nilidhani ndiyo heshima.

Mama Semeni alikuwa Mhehe wa palepale, mwenye meza ya nyanya na vitunguu kando ya barabara kuu, mahali mabasi yanaposimama dakika mbili tatu. Mnawajua wale akina mama. Basi halijasimama vizuri, wao wako dirishani na ndoo kichwani. Alikuwa na kicheko kikubwa, na hata akiwa mgonjwa alitangulia kunisalimia yeye, "Kamwene, Sista." Mara ya kwanza nilimkuta na 190 kwa 110. Daktari akamwandikia vidonge viwili, cha njano cha kulegeza mishipa na cheupe cha kutoa maji mwilini, vyote vya kila siku asubuhi.

Aliporudi baada ya mwezi presha ilikuwa palepale. Nikaanza. Nilisema yote niliyozoea kusema, na ya sanda pia. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasogea karibu, akasema kwa sauti ya chini, "Sista, hiki cheupe kinanisumbua. Nikimeza tu..."

Sikumwacha amalize. Nikasema kwa sauti ili na benchi lisikie, "Visingizio acha barabarani na nyanya zako. Huku niletee presha iliyoshuka."

Watu wakacheka. Na yeye akacheka. Nikampa vidonge vya mwezi, akaenda.

Mwezi uliofuata aliniletea presha iliyoshuka. 132 kwa 80. Mwezi mwingine 128 kwa 78. Na sikumpima kwa macho, nilimkalisha, nilimvua sweta, nilimpima mikono yote. Ile kadi ikawa nzuri kuliko zote. Miaka miwili hakukosa Jumatano yake hata moja. Watu wa wilaya walipokuja kukagua, niliwatolea kadi ya Mama Semeni kwanza, wakaiandika kliniki yetu kuwa ya mfano. Nami nikawa nikiwaambia wa kwenye benchi, "Mwangalieni Mama Semeni. Anameza dawa, haleti hadithi." Yeye alikuwa anainamisha kichwa na kuangalia miguu yake. Nikaona ni unyenyekevu wa Kihehe.

Alianguka asubuhi ya Ijumaa, wiki tatu baada ya kliniki. Basi lilikuwa limesimama, alikuwa akimpa abiria ndoo ya vitunguu dirishani, na mkono wa kulia ukaachia. Walimleta kwenye pikapu ya mtu wa mbogamboga, amelazwa kati ya makreti. Mdomo umevutwa upande mmoja, jicho linanitazama. Nikampima mimi. 220 kwa 130. Nikasema haiwezekani, mashine ni mbovu. Nikabadili betri. Nikachukua mashine ya zebaki kabatini, nikaweka stetoskopu masikioni, nikasikiliza. Ilikuwa hivyohivyo. Nilibishana na namba, wanangu, huku mgonjwa amelala mbele yangu, kwa sababu kadi yake ilisema vingine na kadi niliiandika mimi. Mganga mfawidhi akaniondoa pale kwa bega, akaandika rufaa, gari likampeleka Iringa.

Hakufa. Alirudi nyumbani baada ya wiki kadhaa, upande wa kulia umepooza na maneno yameondoka yote. Si kwamba anasema kwa shida. Hasemi. Ile kamwene ya kwangu ilikwenda na Ijumaa ile.

Nilikwenda kumtazama. Semeni mwenyewe, bintiye wa kwanza, mwanamke mzima mwenye watoto wake, alinikaribisha akaniwekea kiti. Nikamwambia kwamba sielewi, mama yake ndiye aliyekuwa akifuata dawa kuliko wote. Semeni akainuka. Aliingia chumbani akatoka na kopo la majani ya chai, lile kubwa, akalifungua akalimimina kwenye ungo. Vidonge. Vya njano na vyeupe, vingine vimo kwenye bahasha zetu zilezile za karatasi, mwandiko wangu juu yake. Ungo ulijaa mpaka katikati.

"Alikuwa anameza Jumatatu, Jumanne na Jumatano yenyewe asubuhi," Semeni akasema. "Wiki ya kliniki tu. Siku hizo tatu mimi ndiye niliyekuwa nakaa kwenye meza yake ya nyanya."

"Kwa nini siku hizo tu?"

"Hiki cheupe, Sista. Akimeza hawezi kukaa, kila saa chooni. Na pale barabarani choo kiko wapi? Mpaka uvuke uende kule gesti, uombe, urudi, mabasi matatu yameshapita. Na siku moja alichelewa kufika." Akakusanya vidonge katikati ya ungo. "Aliona aibu, mtu mzima. Akaviacha vyote, cha njano na cheupe. Alisema bora ameze wiki ya kliniki, kadi ipendeze, msigombane."

Nikamuuliza, "Mbona hakuniambia?"

Semeni akaniangalia. Hakuwa na hasira, angekuwa na hasira ningepona mapema. Akasema, "Alikuambia."

Mama Semeni alikuwa amelala kitandani mlango ukiwa wazi, anatusikia.

Hapo ndipo Bwana Mgaya alipomaliza kunifundisha, na alishazikwa kwao Njombe zamani. Mtu akikuogopa anakuonyesha presha unayoitaka wewe. Nilitaka iliyoshuka, nikaletewa iliyoshuka, mara moja kwa mwezi, imepambwa kama mgeni. Na kilichohitajika kilikuwa kidogo tu. Kumwacha mama amalize sentensi. Kumrudisha kwa daktari, aseme kidonge hiki kimeshindana na kazi yangu, daktari ampangie saa nyingine au ambadilishie. Vipo vingine. Tungemaliza ndani ya muda wa kuchonga penseli moja.

Jumatano iliyofuata nilisimama mbele ya benchi nikauliza, nani ana vidonge nyumbani ambavyo havimezi. Kimya. Nikauliza tena kwa upole, kwa kadiri ninavyouweza. Hakuna mkono ulioinuka, na mama mmoja akaficha kadi yake ndani ya kanga akidhani ni mtego. Sikuwalaumu. Nikawaeleza habari za lile kopo, bila kumtaja jina, ingawa kila mtu Ilula alijua. Nikafunga mlango wa chumba cha kupimia, nikaanza kuwaita mmojammoja, nawakalisha, nauliza habari za shamba, na kalamu nimeiweka chini. Walianza kusema mwezi wa tatu tangu hapo. Mmoja alikuwa anagawana vidonge na mumewe asiyetaka kuja kupima. Mmoja aliacha kila msimu wa ulanzi, maana aliambiwa pombe na dawa haviendi pamoja, akaona aache dawa. Mzee mmoja alinitolea soksi iliyojaa vidonge, akaiweka mezani, akageuza uso akisubiri kugombezwa.

Kadi zikaharibika. Namba zilipanda kila ukurasa, kwa sababu sasa zilikuwa za kweli. Wakaguzi walipokuja waliniuliza imekuwaje, kliniki ya mfano imeanguka. Nikawajibu haijaanguka, ndiyo kwanza imeanza kupima. Hawakupenda jibu hilo. Na msidhani mambo yalinyooka. Wapo walioshuka polepole wakakaa vizuri. Wapo ambao hawakurudi tena, waliona ni afadhali kutopimwa kuliko kukutana na mimi, na wawili kati ya hao nimehudhuria mazishi yao. Jina la Pilipili sikuweza kulivua. Ukali ni kama harufu ya kitunguu mkononi, wewe huusikii, anayekusogelea anausikia.

Yule binti aliyenipima mwezi uliopita si mkali kama nilivyokuwa. Hana matusi ya sanda. Ana ile sauti tu, na macho yanayosubiri jibu moja. Inatosha. Akisoma hapa atajijua, na ajue simlaumu, najilaumu mimi niliyemfundisha. Usiulize "lakini dawa unameza?" Anayeulizwa hivyo ana jibu moja tu. Mwambie, "Wengi dawa hizi zinatushinda siku nyingine. Wewe wiki hii zimekushinda siku ngapi?" Halafu nyamaza. Ukimya huo ni mrefu, utatamani kuuvunja. Usiuvunje.

Nimestaafu, lakini kila Jumatano napanda gari asubuhi naenda Ilula kumwona Mama Semeni. Ni karibu, safari fupi tu. Siku hizi anatumia dawa kila siku, Semeni anampa mkononi, cheupe walishambadilishia, na presha yake ni nzuri. Nzuri kweli, hata Ijumaa, hata Jumapili. Nimempima siku nilizokwenda bila taarifa.

Nikifika nabisha hodi. Sauti yangu anaijua. Kabla sijavuka kizingiti, ule mkono wake wa kushoto umeshaanza kupapasa juu ya stuli, unatafuta lile kopo la majani ya chai. Analitikisa nisikie kwamba limebaki tupu. Kisha anafungua mdomo, huo mdomo uliopinda, ananyanyua ulimi kwa shida nione na chini yake.

Nimemwambia mara nyingi, "Mama Semeni, sikuja kukagua. Nimekuja kukusalimia. Kamwene." Anaendelea kuufungua. Udenda unamtoka, mdomo haufungi. Mwanzoni nilikuwa nageuza uso, nikaona namtesa tu. Kwa hiyo siku hizi nainama karibu, naangalia vizuri, namwambia, "Nimeona, mama. Umemeza."

Ndipo anafunga.